Damu Inavyofichua Siri ya Uvimbe: Ultrasaundi ya Viputo na Uchunguzi wa Ini

Katika hospitali nyingi za mashariki mwa Kongo, mgonjwa anayelalamikia maumivu chini ya mbavu za kulia hupelekwa kwanza kwenye mashine ya ultrasaundi, ambayo wakazi wa Bukavu na vijiji vyake huiita ekografi, na mara nyingi jibu analorudi nalo ni fupi: kuna uvimbe ndani ya ini. Jibu hilo ni la kweli lakini halijakamilika, kwa sababu uvimbe wa ini waweza kuwa jipu lililoletwa na amiba, kifuko cha maji kisicho na madhara, fundo la mishipa ya damu ambalo mtu huishi nalo hadi uzeeni bila kudhurika, saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, au saratani iliyosambaa kutoka kwenye utumbo, titi au kiungo kingine. Kila hali kati ya hizo ina tiba yake, na nyingine hazihitaji tiba yoyote, ilhali picha ya kawaida ya ultrasaundi, inayoonyesha umbo, ukubwa na mahali uvimbe ulipo, mara nyingi haitoshi kuzitenganisha.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, hospitali za Ulaya na Asia zimekuwa zikiondoa shaka hiyo kwa njia isiyotumia mionzi wala kuhitaji mashine kubwa, nayo ni ultrasaundi yenye dawa ya kung'arisha picha. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa iliyojaa viputo vidogo mno vya gesi, kisha daktari hutazama jinsi viputo hivyo vinavyoingia kwenye uvimbe pamoja na damu na jinsi vinavyotoka. Msingi wa njia hii ni kwamba sura ya uvimbe huweza kudanganya, lakini mwendo wa damu ndani yake hudanganya kwa nadra zaidi. Kwa eneo kama Walungu, lililoko takribani kilomita 40 kusini-magharibi mwa Bukavu, suala si ubora wa njia hiyo tu, bali pia nafasi yake katika mlolongo wa huduma unaoanzia kituo cha afya cha kijijini na kuishia kwa daktari bingwa wa mjini.

Kiungo chenye njia mbili za damu

Ini linatofautiana na viungo vingine vingi vya mwili kwa kuwa hupokea damu kutoka njia mbili. Takribani robo ya damu yake huja kupitia ateri ya ini, ikiwa imetoka moyoni na imesheheni oksijeni, na robo tatu zinazobaki huletwa na mshipa wa lango, ambao hukusanya damu kutoka utumboni na kwenye wengu ikiwa na virutubishi vya chakula kilichosagwa. Kwa kuwa damu ya mshipa wa lango hulazimika kupita utumboni kwanza, hulifikia ini sekunde kadhaa baada ya ile ya ateri, na tofauti hiyo ndogo ya muda ndiyo inayoufanya uchunguzi huu uwezekane.

Seli za ini zinapogeuka kuwa saratani hujitengenezea mishipa mipya inayotokana na ateri, na kadiri uvimbe unavyokomaa ndivyo unavyozidi kujitenga na damu ya mshipa wa lango. Kwa hiyo uvimbe wa saratani ya ini hupata damu nyingi mapema, wakati sehemu nyingine za ini bado zinasubiri fungu lao kubwa, kisha huishiwa mapema wakati ini lenye afya bado limejaa. Anayeweza kuona damu ikiingia na kutoka kwa utaratibu huo anaweza kutaja jina la ugonjwa bila kuukata mwili wala kuchoma sindano kwenye ini ili kuchukua kinyama cha kupima. Faida hiyo si ndogo, kwa kuwa wagonjwa wengi wa saratani ya ini tayari wana sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa, na damu ya mtu mwenye sirosisi haigandi kwa urahisi, hivyo sindano ya kuchukua kinyama huweza kumletea hatari ya kuvuja damu ndani ya tumbo.

Viputo vidogo kuliko chembe ya damu

Mashine ya ultrasaundi hutuma mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia, kisha hupokea mwangwi unaorudi na kuugeuza kuwa picha. Gesi hurudisha mwangwi kwa nguvu kuliko nyama au damu, na jambo hilo liligunduliwa kuwa na manufaa wakati wa uchunguzi wa moyo: mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Rochester nchini Marekani, walieleza jinsi mwangwi ulivyoongezeka ghafla mgonjwa alipodungwa kimiminika karibu na moyo, na baadaye ikafahamika kuwa chanzo kilikuwa viputo vidogo vilivyoingia pamoja na kimiminika hicho.

Viputo vya hewa ya kawaida, hata hivyo, huyeyuka haraka na havivuki mapafu, kwa hiyo ilibidi watafiti watafute gesi nzito isiyoyeyuka kwa urahisi kwenye damu na kuifunika kwa utando mwembamba wa mafuta. Dawa inayotumika zaidi Ulaya, iitwayo SonoVue, ambayo iliidhinishwa huko mwaka 2001, hubeba gesi ya heksafloridi ya salfa ndani ya viputo ambavyo upana wake kwa wastani ni maikromita 2.5, yaani sehemu mbili na nusu za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa takribani maikromita 7, kwa hiyo viputo hivyo hupita popote ambapo chembe ya damu hupita, ukiwemo mshipa mwembamba kuliko yote ya mwili. Wakati huohuo, viputo hivyo ni vikubwa kiasi kwamba haviwezi kupenya ukuta wa mshipa, na hapo ndipo vinapotofautiana na dawa za CT skani na MRI, ambazo baada ya muda huvuja na kuingia kwenye nyama iliyozunguka mshipa. Kiputo hubaki ndani ya mshipa, na kila kinachong'aa kwenye skrini ni damu inayotembea.

Kinapopigwa na mawimbi ya sauti, kiputo hutanuka na kusinyaa, na katika kufanya hivyo hurudisha sauti yenye marudio mapya, hasa mara mbili ya yale yaliyotumwa. Nyama ya mwili haifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Mashine yenye programu maalumu huweza kuisikiliza sauti ya viputo peke yake na kuinyamazisha ile ya nyama, mradi nguvu ya mawimbi ipunguzwe sana ili viputo visipasuke kabla ya wakati. Mashine ndogo isiyo na programu hiyo haiwezi kufanya kazi hii hata dawa ikiwepo, na hospitali inayonunua mashine mpya inapaswa kulizingatia jambo hilo tangu siku ya kuomba bei.

Dakika tano mbele ya skrini

Dawa yenyewe hufika ikiwa ni unga mweupe ndani ya chupa ndogo. Muuguzi huongeza mililita 5 za maji ya chumvi, hutikisa chupa kwa nguvu kwa sekunde kadhaa hadi mchanganyiko uwe mweupe mithili ya maziwa, kisha huvuta mililita 2.4, ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha kuchunguza ini la mtu mzima. Kiasi hicho kina gesi isiyozidi maikrolita 20, ambayo haifikii hata nusu ya tone la maji. Dawa husukumwa kwenye mshipa wa mkono, ikifuatiwa na maji ya chumvi ya kuisindikiza, na papo hapo saa ya mashine huanza kuhesabu sekunde.

Skrini hugawanywa sehemu mbili, upande mmoja ukionyesha picha ya kawaida inayomsaidia daktari asipoteze mahali uvimbe ulipo, na upande wa pili ukiwa mweusi ukisubiri viputo. Kati ya sekunde ya 10 na ya 20 ateri ya ini huanza kung'aa, na hicho ndicho kipindi cha ateri, ambacho huendelea hadi sekunde ya 30 au 45. Baada yake hufuata kipindi cha mshipa wa lango, ambapo ini lote huangaza, hadi mwisho wa dakika ya 2. Kipindi cha mwisho huanzia hapo na kuendelea hadi viputo vitakapotoweka, kwa kawaida kati ya dakika ya 4 na ya 6. Dakika ya kwanza hurekodiwa yote kama video, kwa sababu mambo mengi hutokea ndani ya sekunde chache na daktari huhitaji kuyarudia polepole. Gesi hutoka mwilini kwa njia ya pumzi ndani ya takribani dakika 15, nao utando wa mafuta huvunjwavunjwa na mwili kama mafuta mengine.

Kusoma mwendo wa damu

Saratani iliyoanzia kwenye seli za ini hung'aa kuliko sehemu nyingine za ini katika kipindi cha ateri, kisha hufifia taratibu na kwa kiasi, kwa kawaida baada ya sekunde ya 60, wakati ini lililoizunguka bado linang'aa. Kwa mgonjwa mwenye sirosisi au maambukizi sugu ya virusi vya homa ya ini B, uvimbe wenye upana wa milimita 10 au zaidi unaofuata mwendo huo huhesabiwa kuwa saratani ya ini hata bila kipimo cha kinyama. Saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine huwa na haraka zaidi: aghalabu hung'aa pembezoni kama pete, kisha hupoteza viputo vyake kabla ya sekunde ya 60, na hatimaye huonekana kama shimo jeusi ndani ya ini jeupe.

Aina za uvimbe zisizo na madhara nazo zina tabia zake. Hemanjioma, ambalo ni fundo la mishipa ya damu na ndilo uvimbe usio saratani unaoonekana zaidi kwenye ini, huanza kung'aa kwa vidoa vya pembezoni, kisha viputo huenea kuelekea katikati, kama maji ya mfereji yanavyojaza kitalu cha mboga bondeni kuanzia kingo zake, na hubaki hapo hadi mwisho bila kufifia. Uvimbe mwingine, unaotokana na seli za kawaida za ini zilizojikusanya mahali pamoja, hufanya kinyume, kwa kuwa hung'aa kuanzia katikati kwenda nje na kufuata njia zinazofanana na miali. Kifuko cha maji hakipokei kiputo hata kimoja katika vipindi vyote vitatu, nalo eneo ambalo mafuta hayakuenea sawasawa, ambalo kwenye picha ya kawaida huonekana kama uvimbe na kumtia mgonjwa hofu, hung'aa na kufifia sawa na ini zima, na hapo huthibitika kwamba uvimbe haukuwepo.

Katika mazingira ya Kivu Kusini, jipu la ini linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko vitabu vingi vya Ulaya vinavyofanya. Amiba huenea pale ambapo maji na vyakula huchafuliwa na kinyesi, na ikishatoka utumboni kupitia mshipa wa lango huweza kutengeneza jipu kubwa, mara nyingi upande wa kulia wa ini. Kwenye ultrasaundi ya kawaida jipu changa huweza kufanana na uvimbe mgumu. Viputo vinapoingia, ukuta wa jipu hung'aa ilhali katikati hubaki peusi kabisa, kwa kuwa usaha hauna mishipa. Kwa mgonjwa mwenye homa na maumivu, picha hiyo humwelekeza daktari kwenye metronidazoli, dawa ya kuua amiba inayopatikana katika hospitali nyingi za vijijini, na pengine kwenye kuunyonya usaha kwa sindano. Tahadhari moja ni lazima: saratani ambayo katikati yake imekufa huweza kuonekana vivyo hivyo, na kwa sababu hiyo picha husomwa pamoja na homa, vipimo vya damu na namna mgonjwa anavyoitikia dawa.

Ushahidi, usalama na mipaka

Njia hii imepimwa kwa kina. Nchini Ujerumani, hospitali 14 zilishirikiana kuchunguza wagonjwa 1,349 waliokuwa na uvimbe wa ini usiojulikana, na utambuzi kwa viputo ulikuwa sahihi kwa takribani asilimia 90 yao. Mwaka 2012 taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza matumizi yake kwenye uvimbe wa ini pale ultrasaundi ya kawaida inaposhindwa kutoa jibu, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha matumizi hayo kwa watu wazima na kwa watoto. Mashirikisho ya kimataifa ya wataalamu wa ultrasaundi yamekuwa yakitoa miongozo ya pamoja, ambayo toleo lake kuhusu ini lilifanyiwa marekebisho mwaka 2020.

Kwa upande wa usalama, viputo haviondolewi na figo, kwa hiyo mgonjwa mwenye figo dhaifu anaweza kuvipokea bila hofu inayoandamana na dawa ya CT skani yenye iodini. Athari kali za mzio hutokea kwa nadra, lakini zikitokea huja ghafla, hasa ndani ya nusu saa ya kwanza, hivyo chumba cha uchunguzi hakina budi kuwa na adrenalini, oksijeni na mtu anayejua kuvitumia. Mtu aliyewahi kupata mzio wa dawa hiyo au wa kiambato chake kiitwacho makrogoli hapaswi kupewa, na mgonjwa ambaye moyo wake umeshambuliwa siku za karibuni huhitaji kupimwa kwanza na daktari wa moyo.

Mipaka yake nayo iko wazi. Sauti haipenyi vizuri gesi ya utumbo, mifupa ya mbavu wala tabaka nene la mafuta, na uvimbe uliojificha chini tu ya kiwambo cha kupumulia huweza usionekane. Kwa kuwa viputo hudumu dakika chache na daktari hutazama sehemu moja kwa wakati mmoja, njia hii haifai kusaka uvimbe katika ini zima wala kupima jinsi saratani ilivyoenea hadi mapafuni na kwenye mifupa, kazi ambazo CT skani na MRI huzifanya vizuri zaidi. Aidha, ubora wa jibu hutegemea sana mkono na jicho la mchunguzi, na ujuzi huo hujengwa kwa kuwachunguza wagonjwa wengi chini ya usimamizi wa mwenye uzoefu.

Nafasi yake katika huduma za Walungu

Wilaya ya Walungu, yenye himaya za Ngweshe na Kaziba, ina kanda kadhaa za afya, zikiwemo Walungu, Nyangezi, Mubumbano, Kaniola na Kaziba, na kila kanda kwa utaratibu wa Kongo huwa na vituo vya afya vinavyoitegemea hospitali kuu ya rufaa. Juu ya ngazi hiyo zipo hospitali za Bukavu, ikiwemo Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa, ambayo ni ya mafunzo kwa Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu, na Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999. Safari ya kutoka kijijini hadi mjini hugharimu nauli, chakula cha mlinzi wa mgonjwa na siku za kazi shambani, na vita vilivyofika Bukavu Februari 2025 vimezidisha ugumu wake.

Katika hali hiyo, ultrasaundi ya viputo ina sifa tatu zinazoifaa: mashine yake inahitaji umeme kidogo kuliko CT skani, unga wa SonoVue hauhitaji jokofu kama chanjo zinavyohitaji, na jibu hupatikana siku ileile kabla mgonjwa hajapanda gari kurudi nyumbani. Mahali pake pa kuanzia, hata hivyo, ni hospitali ya mjini yenye wagonjwa wa kutosha kudumisha ujuzi wa wachunguzi, si kila hospitali ya kijijini. Kazi ya hospitali ya Walungu katika mlolongo huo ni kuuona uvimbe kwa ultrasaundi ya kawaida, kutibu lililo wazi, na kumtuma Bukavu yule ambaye uvimbe wake una shaka, akiwa na karatasi inayotaja mahali uvimbe ulipo, upana wake na majibu ya homa ya ini B na C.

Umuhimu wa kuuona uvimbe mapema unathibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha wagonjwa wa saratani ya ini wa Misri na wa nchi nyingine 8 za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda. Katika nchi hizo 8, ambako uchunguzi wa mara kwa mara ulikuwa haba, takribani asilimia 95 ya wagonjwa waligunduliwa wakati ugonjwa umeshaenea, umri wao wa kati ukiwa katikati ya miaka ya arobaini, na nusu yao walifariki ndani ya takribani miezi miwili na nusu. Kipimo cha viputo hakiwezi kumsaidia mgonjwa wa namna hiyo, kwa kuwa uvimbe wake umeshapita kiwango cha kukatwa au kuchomwa kwa joto la sindano. Kinachoweza kumsaidia ni kupimwa damu miaka mingi kabla, na kama ana virusi au sirosisi, kufanyiwa ultrasaundi ya kawaida kila baada ya miezi 6, ili uvimbe ukamatwe ukiwa bado mdogo.

Kabla ya hapo ipo kinga. Virusi vya homa ya ini B ndivyo chanzo kikuu cha saratani ya ini kusini mwa Sahara, na chanjo yake hutolewa kwa watoto wa Kongo pamoja na chanjo nyingine kuanzia wiki ya 6, lakini maambukizi kutoka kwa mama huzuiwa vizuri zaidi kwa dozi inayotolewa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, ambayo mwaka 2022 iliwafikia asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, karanga na mihogo iliyokaushwa vibaya, huzidisha hatari kwa mtu mwenye virusi hivyo, na uhusiano wake na saratani ya ini ulionekana Afrika Mashariki mapema, katika tafiti zilizochapishwa Uganda mwaka 1971 na Murang'a nchini Kenya mwaka 1973. Pombe nayo, iwe kasiksi ya ndizi au kanyanga, huongeza makovu kwenye ini lililokwisha kudhoofika.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya fedha katika mkoa kama Kivu Kusini unapaswa kufuata mpangilio wa ugonjwa wenyewe: chanjo ya siku ya kwanza na ukaushaji bora wa mazao kwanza, kipimo cha damu na tenofoviri, dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini B, kwa wanaoihitaji baadaye, ultrasaundi ya kila miezi 6 kwa walio hatarini, na ultrasaundi ya viputo Bukavu kwa ajili ya kuutaja kwa jina uvimbe uliopatikana. Viputo vikinunuliwa bila hatua hizo tatu za mwanzo, kazi yao kubwa itakuwa kuthibitisha saratani zilizokwisha kushinda tiba. Vikinunuliwa baada yake, vitawawezesha madaktari kumrudisha nyumbani mwenye hemanjioma, kumtibu mwenye jipu, na kumpeleka kwa daktari wa upasuaji mwenye saratani ambayo bado inaweza kuondolewa.